Tangawizi Iliyojaa Tena

Siku ile mjinga alikuwa Inspekta Kuramochi Heisuke mwenyewe, na baadaye hakujaribu kulificha hilo. Katika ripoti aliliandika kiofisi, kwamba ofisa alikuwepo eneo la tukio ila hakuzingatia viashiria. Kwa lugha ya watu, maana yake ni kwamba ushahidi wote uliwekwa mbele yake juu ya kibao cha mti, akautia mdomoni, akautafuna, kisha akamwambia mpishi kwamba umepooza.

Walikuwa watu saba wa kikundi cha nyimbo za jadi kutoka Shinjo, wako njiani kwenda Sendai kwenye mashindano ya kesho yake asubuhi. Walishuka treni Shiogama saa sita mchana, kwa sababu mtu aliyezaliwa milimani hapiti bandarini bila kula samaki. Kuramochi, miaka hamsini na minane, akiwa na likizo ya siku tatu, alikuwa mpiga ngoma wao. Ngoma aliipiga kama anavyogonga mlango wa mtuhumiwa.

Mkahawa wa Onodera wa sushi, matonge ya wali yenye samaki mbichi juu, ulikuwa kaunta moja ndefu, viti vinane, na nyuma ya kaunta mwanamke mmoja. Onodera Tokie alirithi visu vya baba yake, na pamoja na visu alirithi yale maneno ya wazee wa kazi, kwamba mikono ya mwanamke ina joto, inampasha samaki. Alianza kuyasikia akiwa na miaka kumi na tisa. Sasa ana hamsini na miwili, na samaki wake bado walikuwa baridi.

Saa saba na dakika ishirini, baada ya tonge la mwisho, ambalo ni la yai, Mzee Sasamori Tetsuo alishika shingo. Huyo ndiye aliyekuwa sauti yao, mwimbaji mkuu kwa miaka kumi na moja. Midomo ilivimba, macho yakafumba, pumzi ikaanza kupiga mluzi. Wenzake wote walijua mwili wake haupatani na kamba wa baharini, hata wa kunusa. Na yai la mikahawa ya namna ile hupigwa pamoja na nyama ya kamba iliyotwangwa, ndiyo maana linakuwa tamu.

Gari la wagonjwa lilipoondoka, Kuramochi alitoa kitambulisho, akatangaza kwamba hakuna atakayetoka. Hapo alikuwa sawa. Kisha akamgeukia mpishi mbele ya watu wote, akamweleza kwamba bila shaka amechanganya mayai, lenye kamba na lisilo na kamba, hivyo awainamie wageni kuomba radhi, ashushe pazia la mlangoni kuonyesha amefunga na kuwasubiri watu wa idara ya afya, ambao watafika saa kumi. Hapo ndipo alipoanza kuwa mjinga.

“Sikuchanganya,” alisema Onodera.

“Mama, mtu amebebwa kwa machela.”

“Nimeona, mimi ndiye niliyewashikia mlango. Lakini sikuchanganya, siinami, na pazia halishuki.”

Wageni waliguna. Kule kwao mtu kuinama si kukiri kosa, ni kama kufuta meza. Dereva wa basi akichelewa dakika mbili anainama, muuza tofu mvua ikinyesha anainama. Mwanamke anayekataa kuinama wakati mgeni wake yuko hospitali ni kitu ambacho hawakuwahi kukiona, na kiliwaudhi kuliko ile midomo iliyovimba.

Aliyeudhika zaidi alikuwa Ebisawa Yoshinori, katibu wa kikundi na mwimbaji wa pili, mtu mwembamba mwenye kamera shingoni. Ebisawa ndiye aliyekata tiketi, aliyepanga vyumba, aliyehesabu miavuli. Ndiye aliyepiga simu siku nne kabla kumweleza mpishi habari za Mzee Sasamori na kamba. Aliwakumbusha wote jambo hilo mara tatu, kwa sauti ya mtu aliyetimiza wajibu wake.

Sajini Nezu wa kituo cha bandari alifika kwa baiskeli. Alikuwa kijana mpole aliyekula pale kila sikukuu, akajikuta amesimama kati ya inspekta wa mkoa mwingine na mpishi anayemjua tangu utoto. Alimsalimu Kuramochi kwa heshima zote, akamsikiliza, kisha akaenda kumbembeleza mwenye nyumba. Alimweleza kwamba idara ya afya ikikuta mpishi mkaidi itaandika uzembe, na ikiandika uzembe itamfungia wiki mbili.

“Inama tu, mama,” alisema. “Mgongo hauvunjiki.”

“Wangu unavunjika, Sajini.”

Na wote wawili walijua wiki mbili maana yake nini. Pale bandarini samaki bora hawauzwi kwa fedha peke yake. Wauzaji humwekea yule wanayemheshimu. Pazia la Onodera likionekana limeshuka mchana kweupe, kesho alfajiri yule jodari mwekundu angechukuliwa na mwingine, keshokutwa pia, na mwezi ukiisha wangekuwa wamesahau kwamba aliwahi kuwepo.

“Basi nionyeshe jiko,” alisema Kuramochi. Aliwaambia wote angemkamata ndani ya dakika kumi.

Alianza na brashi. Wakati wa kula alikuwa ameona jinsi mpishi anavyopaka sosi ya soya juu ya kila tonge kwa brashi ndogo, na matonge ya kamba yalipita pia. Alisimama kama mwalimu, akaeleza kwamba brashi ikigusa kamba kisha ikagusa jodari wa Mzee Sasamori, basi mchezo umekwisha. Watu wa kikundi waliitikia kwa vichwa. Onodera alifungua droo, akaweka brashi mbili juu ya kaunta. Moja ilikuwa imefungwa uzi mwekundu shingoni.

“Hii ya uzi ni ya Mzee Sasamori peke yake. Nimeinunua Jumanne.”

Kuramochi akahamia kwenye visu. Visu vilikuwa viwili, cha pili kimetengwa, na ubao wa kukatia ulikuwa wa pili. Akahamia kwenye matambara. Kila alipotia mkono alikuta kitu cha pili kimeshaandaliwa, mpaka Mama Odashima, mjane anayepiga gambusi la nyuzi tatu, akauliza kama Inspekta anataka kukagua pia na kucha za fundi, maana dakika kumi zimeshapita.

“Yai,” alisema Kuramochi.

Onodera alitoa visanduku viwili kwenye friji. Kila akikaanga yai huweka pembeni ncha ya kwanza, tabia aliyoachiwa na baba yake, ili mteja akilalamika kuwe na kitu cha kuonja. Kisanduku kimoja kilikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu: Sasamori, bila kamba. Kwa macho, vipande vile vilikuwa mapacha. Sajini Nezu alionja cha kwanza, akasema humu kamba yumo. Akaonja cha pili, akasema hiki ni yai tupu.

Kuramochi naye akachukua kile cha pili. Alitafuna mara tatu, akaacha.

Alikuwa amekila kitu hicho hicho karibu saa mbili zilizopita. Si hicho tu, alikuwa amekisema. Alikuwa amepaza sauti kuelekea jikoni, ambako Onodera alikuwa ameingia kuchota supu ya kombe, akamwambia kwamba yai lake limepooza, labda joto la mikono limemaliza kamba wote. Na Onodera akajibu kutoka ndani kwamba kama limepooza, amlalamikie kuku. Meza nzima ilicheka. Alipokumbuka vizuri, si meza nzima. Ebisawa, aliyekaa mkono wake wa kulia, alikuwa anasafisha lenzi ya kamera.

Mtu mwingine angenyamaza na aibu yake. Kuramochi, pamoja na madhambi yake yote, hakuwa mtu wa kuficha ushahidi, hata ukiwa tumboni mwake. Alisimulia yote mbele ya Sajini.

Ebisawa alipiga kofi pajani. “Si ndiyo hayo ninayosema? Yai la Mzee Sasamori amelila Inspekta, la Inspekta kampa Mzee Sasamori. Kachanganya. Shahidi ni polisi. Mnataka nini tena?”

Ilikuwa kweli tupu, na ilimgeukia Onodera vibaya kuliko kabla ya Kuramochi kufungua mdomo. Sajini Nezu alitoa daftari lake bila raha. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na robo.

Onodera hakupandisha sauti. Alimuuliza Inspekta swali moja. Lile yai alipolichukua, lilikuwa limelala vipi?

Kuramochi alisema hakumbuki. Kisha mkono wake wa kulia ukakumbuka kabla yake. Aliunyoosha juu ya kaunta, na kiganja kikapinda kwa ndani, kama cha mtu anayefungua mlango uliowekwa kinyume.

“Nilipindisha mkono,” alisema. “Nikadhani umeliweka ovyo.”

“Mzee Sasamori anakula kwa mkono wa kushoto,” alisema Onodera. “Nimeliona hilo aliposhika kikombe cha chai. Tangu tonge la kwanza namlazia kwa upande wake. Wewe ni wa kulia, nakulazia kwa upande wako. Yai lile nilililaza kwa kushoto, mbele ya mtu wa kushoto. Likaliwa na wa kulia.”

Ebisawa alimwambia kwamba hayo ni maneno matamu lakini hayabadilishi kitu. Mtu anaweza kulilaza yai kwa ajili ya Mzee Sasamori na bado mkono ukamteleza, akaliweka mbele ya jirani yake. Wageni saba, matonge kumi na mawili kila mmoja, mwanamke mmoja.

“Angekuwa baba yako,” aliongeza, “ningesema sawa, wazee wale walikuwa na macho mikononi.”

“Baba yangu angekuwa ameshakutoa nje,” alisema Onodera.

Ndipo Mama Odashima alipotoa simu. Alikuwa na binti Osaka, na alikuwa akimpigia picha za matonge ili amwonyeshe anachokosa. Alikuwa amekaa kushoto kwa Mzee Sasamori, kwa hiyo kibao cha mzee kilikuwa kwenye kila picha. Kuramochi na Nezu waliinama juu ya simu. Jodari kwa Mzee Sasamori, amelala kwa mkono wa kushoto. Ngisi, vivyo hivyo. Pweza, vivyo hivyo. Mpishi hakuwa amekosea hata mara moja.

Picha ya yai haikuwepo. Mama Odashima alieleza kwamba yai alilila mara tu lilipofika, binti yake mayai anayo.

“Rudi kwenye ile ya ngisi,” alisema Kuramochi.

Hakuwa anaangalia ngisi. Kwenye kona ya kila kibao, tangu mwanzo, mpishi alikuwa ameweka fungu la tangawizi iliyokatwa nyembamba na kulowekwa kwenye siki. Fungu la Mzee Sasamori lilikuwa zima. Kuramochi aliuliza kwa nini.

“Haigusi kabisa,” alisema Mama Odashima. “Anasema inamkwaruza koo. We Heisuke miaka sita unapiga ngoma nyuma yake, hujui? Lakini utajuaje, wewe tangawizi unaimaliza kama mbuzi. Ona hapa kibao chako, tonge la nne tu kimeshakuwa cheupe.”

Kuramochi alikaa kwenye kiti chake kile kile cha mchana, akaweka mikono juu ya kaunta. Alimwomba kila mtu anyamaze kidogo. Alikumbuka kwamba baada ya yai alikuwa na ladha butu mdomoni. Alinyoosha vijiti kutafuta chochote cha kuikata, na kwenye kona ya kibao akakuta tangawizi. Fungu zima. Alikuwa amefurahi. Alikuwa amejisemea kwamba huyu mama ulimi mkali lakini anamjua mteja mzuri akimwona.

“Fundi,” alisema, na ilikuwa mara ya kwanza siku ile kumwita hivyo, “uliniongezea tangawizi?”

“Hukuomba. Halafu mtu aliyetukana yai langu, nimwongezee tangawizi ya nini?”

“Na vibao, unaviinua? Kubadilisha, kuosha?”

“Kibao kikikaa mbele ya mgeni hakiondoki mpaka mgeni aondoke. Nakifuta pale pale. Muulize Sajini.”

Nezu alithibitisha. Tangu akiwa mtoto hajaona kibao kikiinuliwa kwenye kaunta ile.

Kuramochi aliisema polepole, kama anayehesabu ngazi gizani. Mkono wa mpishi ukiteleza, yai peke yake ndilo linaloenda mahali pasipo pake. Tangawizi haiwezi kuteleza nalo. Lakini yeye alikula yai la Sasamori na tangawizi ya Sasamori. Kwa hiyo kilichokuja mbele yake si yai, ni kibao kizima, na alichokuwa nacho yeye, kisicho na tangawizi, chenye yai la kamba, kilikwenda kwa mzee. Mtu aliviinua vyote viwili. Na hakuwa mpishi, kwa sababu mpishi alikuwa jikoni akichota supu.

Kisha, mmoja baada ya mwingine, watu wa kikundi walianza kuitazama kamera.

Maana Ebisawa safari nzima alikuwa anapanga vitu. Kwenye treni alipanga masanduku ya chakula, kwenye nyumba ya wageni alipanga viatu, yote kwa ajili ya picha, na walikuwa wamezoea mikono yake ikipita katikati yao kama watu wanavyozoea nzi. Yai lilipowekwa na Onodera akaingia jikoni, Ebisawa alisimama nyuma ya Sasamori na Kuramochi, akataka picha ya sauti na ngoma. Aliwageuza waipe kaunta mgongo, wakumbatiane mabega. Akasema vibao havionekani vizuri, akapitisha mikono katikati yao. Wao walikuwa wanaangalia mlangoni, wanatabasamu.

“Picha uliituma?” aliuliza Kuramochi.

Ilikuwa imetumwa. Kila picha aliituma saa ile ile kwenye kundi lao la simu, ndiyo kazi ya katibu. Kuramochi alikwenda kuichomoa simu yake kwenye koti. Picha ilikuwa pale, haijafunguliwa. Sasamori akicheka kwa mara ya mwisho siku hiyo, kiwiko chake kando ya kibao kisicho na tangawizi hata uzi. Inspekta, mdomo wazi, kando ya kibao chenye fungu zima.

Nezu alimaliza kuandika, akapiga mstari chini.

Ebisawa alikuwa ameanza kutoa jasho juu ya mdomo, ila sauti yake bado ilikuwa ya katibu. Alikiri kwamba alivisogeza. Alisema kila mtu alimwona, hakuficha. Labda wakati wa kuvirudisha alivipishanisha, na kama ni hivyo basi anasikitika sana, ni ajali. Mtu hafungwi kwa kupanga vibao.

“Hafungwi,” Kuramochi alikubali. “Fundi, simu yake ya siku nne zilizopita. Alisema nini hasa?”

Onodera alifikiri huku akikunja kitambaa. Kwanza Ebisawa alimwambia kuhusu kamba, na yeye akamshukuru. Halafu aliuliza kama yai la hapo lina kamba ndani. Akajibiwa linaye, lakini mzee atakaangiwa jingine lisilo naye. Halafu akauliza kama yale mayai mawili yanafanana kwa macho.

“Nikamwambia hata mimi siwezi kuyatofautisha bila kuonja, ndiyo maana namwekea mwenyewe mbele yake na kumtamkia. Nikadhani ni mtu anayemjali rafiki yake.”

Kila mtu aliyekaa pale alikumbuka kwamba alitamka kweli. Alipoliweka yai la mzee alisema hili ni la kwako, halina kamba, wengine lao lina kamba. Mtu yeyote aliyetaka kujua lipi ni lipi aliambiwa kwa sauti.

Kuramochi alimwomba Nezu simu, kwa kuwa simu ya kituo inajibiwa haraka, akawapigia waandaaji wa mashindano Sendai. Alijitambulisha, akauliza kitu kimoja tu. Kikundi kikipata dharura, mwisho wa kubadilisha mwimbaji mkuu ni lini? Alisikiliza. Akauliza tena, akashukuru, akairudisha simu.

“Mwisho ni leo saa kumi na moja jioni,” alisema. “Yule binti aliyepokea simu kanicheka. Kasema nyie watu wa Shinjo mna wasiwasi, katibu wenu aliuliza hilo hilo Jumatano.”

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

Simu ya Mama Odashima ikalia, ilikuwa hospitali. Mzee Sasamori anapumua mwenyewe, amefumbua macho, ameomba maji kwa kuandika. Watamlaza mpaka Jumapili. Kuhusu kuimba, daktari alicheka kidogo, kisha akaomba radhi kwa kucheka.

Ebisawa alivua kamera shingoni, akaiweka juu ya kaunta kwa uangalifu, imenyooka sambamba na ukingo.

“Mara ya mwisho alikula kamba bahati mbaya, miaka mitatu iliyopita,” alisema. “Alivimba mdomo tu. Sauti ikakauka siku mbili, basi. Nilitaka siku moja. Miaka kumi na moja naitikia nyuma yake, nabeba sanduku lake, napanga viatu vyake. Siku moja nisimame mbele. Sikujua itafika kooni namna ile.”

“Ulijua itafika kwa fundi,” alisema Mama Odashima, na sauti yake haikuwa na mzaha tena. “Hilo ulilijua. Ulikaa hapa mchana kutwa unamdai ainame.”

Kuramochi alisimama. Alikuwa na deni la kulipa, na alilipa mbele ya wale wale waliokuwepo alipolikopa. Alimkabili Onodera, mikono ubavuni, akainama mpaka paji la uso likagusa kaunta. Alikaa hivyo kwa muda mrefu. Alisema kwamba alimhukumu kabla ya kumuuliza, na alilitukana yai lililokuwa safi kuliko mayai yote ya siku ile.

“Nami nina langu,” alisema Onodera. “Uliposema limepooza, nilipaswa kutoka jikoni mbio, kwa sababu lako halikutakiwa kupooza. Lakini hilo la joto la mikono nimelisikia miaka thelathini, masikio yalishaacha kufungua mlango. Haya, inuka. Umeacha jasho kwenye kaunta yangu.”

Kuramochi alilifuta kwa mkono wa koti.

Ilibaki robo saa watu wa afya wafike. Nje, upepo wa bandari ulikuwa unapeperusha pazia, buluu, lenye jina la baba yake, na wavuvi wawili walipita wakaangalia, wakaona liko juu, wakaendelea na safari yao. Nezu alimwambia Ebisawa wataondoka pamoja, kwa miguu, baiskeli haina kiti cha nyuma.

Ebisawa hakuinuka. Alikuwa amerudi kwenye kazi yake ya kupanga. Alianza kueleza, taratibu, kwamba hakuna aliyekufa. Kwamba kesi itaandikwa magazetini, na gazeti likiandika, litaandika pia jina la mkahawa, na msomaji atakumbuka sushi na hospitali, hatakumbuka nani alisogeza nini. Kwamba Mzee Sasamori mwenyewe si mtu wa kushitaki. Idara ya afya inaweza kuambiwa vibao vilipishana kwa bahati mbaya wakati wa picha, na hilo, ukilitazama, ni karibu na ukweli. Kila upande ubebe kidogo.

Wenzake wawili walikuwa wanatazama sakafu kama watu wanaoona mantiki. Hata Nezu alisita mlangoni.

“Mimi nitainama, mama,” alisema Ebisawa. “Chini kabisa, mbele ya hawa wote. Na wewe ukiinama kidogo, kidogo tu, kama mwenye nyumba, yanaishia hapa. Tunaondoka kila mtu na heshima yake. Unasemaje?”

Onodera alikuwa ameshachukua kile kibao kilichobaki mbele ya kiti cha Mzee Sasamori, kwa ncha za vidole, akakitia kwenye mfuko ambao Nezu alimfungulia. Akauziba vizuri.

“Nitainama,” alisema. “Jioni, nikipiga deki hapo ulipokaa.”